Milango Kwenye Njia ya Watu

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu amesema ama milango, ama yeye. Nichague. Amenipa mpaka katikati ya mwezi, halafu anabeba mama yake na mtoto, anaondoka.

Namwelewa kabisa. (Simwelewi hata kidogo, lakini naandika hivi kwa sababu ana tabia ya kupekua.) Biashara yangu ni milango iliyokwishatumika. Nyumba ikibomolewa mahali, mimi huyo na mkokoteni wangu, naondoka na milango kabla vumbi halijatulia. Mbao ngumu, vitasa vya shaba, fremu zake kamili! Tatizo ni pa kuiweka. Sebule imejaa. Mgeni akija anakaa katikati ya milango kama anasubiri kuitwa na daktari. Jana mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alifungua mmoja akidhani ni wa chooni. Akakuta ukuta. Alisimama pale kwa heshima zote akingoja ukuta umpishe.

Sasa, kuna ile njia. Ubavuni mwa nyumba yangu kuna kipande cha ardhi kitupu, kinaanzia barabarani mbele mpaka nyuma kabisa, kwenye bonde. Upana wake watu wawili wanapishana bila kugusana mabega. Ni ardhi yangu! Hati ninayo! Lakini bibi mjane aliyeniuzia kiwanja aliweka sharti humo humo kwenye hati: njia hiyo isizibwe daima, hata kiwanja kibadilishe mikono mara mia. Isizibwe kwa ukuta, wala uzio, wala mti, wala rundo la mawe, ili wapitao wapite. Wakati natia sahihi nilimuuliza hao wapitao ni akina nani. Akasema siku nikiwazibia nitawajua. Nikacheka sana. Yeye hakucheka.

Halmashauri nayo ina yake. Mtaa huu ni wa makazi, biashara marufuku. Kujenga karibu na mpaka marufuku. Bonde la nyuma wamelipaka kijani kwenye ramani yao, maana yake pasiguswe. Na kama hiyo haitoshi, jirani yangu ni mwenyekiti wa kamati ya wakazi, mtu ambaye mtaa mzima unamwita Kanuni. Aliwahi kunilazimisha kupaka geti langu rangi ya kahawia kwa kuwa mageti yote ya mtaa ni ya kahawia. Langu lilikuwa la kahawia! Akasema si kahawia ile.

Yaani sheria juu ya sheria, zote zimelalia kijia ambacho sijawahi kuona binadamu akikipita. Hata paka! Ila majani hayaoti pale. Udongo umeshindiliwa mpaka unang'aa. Fundi mmoja aliniambia ardhi haiwi hivyo bila kukanyagwa kila siku. Nikamwambia ni kivuli. Akaniuliza kivuli cha nini. Nikabadilisha mazungumzo.

Leo nimekitazama sana kile kijia. Wazo limeanza kuja.

Jumanne, 5 Machi

Mimi ni mtu hatari!

Nimeisoma hati tena. Ukuta umetajwa. Uzio umetajwa. Mti, mawe, vyote vimo. Mlango haumo. Na mlango ni nini? Ni kitu cha kupitia! Tangu lini mlango ukamzibia mtu njia?

Nimesimamisha milango yote kwenye kijia, kila mmoja ndani ya fremu yake, mmoja nyuma ya mwingine, kutoka barabarani mpaka karibu na bonde. Imeenea upana wote, barabara kabisa, kana kwamba ilipimwa. Mbele nimeweka ule wa bluu, mzito kuliko yote. Kwa mbali unaona kama korido ya nyumba iliyosahauliwa kujengwa.

Mke wangu alipoona sebule tupu alishika kiuno, akazunguka, akaniita Baba Chiriku kwa sauti ambayo sijaisikia tangu huyo Chiriku hajazaliwa. (Chiriku ndiye binti yetu. Tulimpa jina hilo kwa sababu ya mdomo. Hanyamazi.) Chai imekuja na vitafunio. Kochi atalinunua wiki hii hii, kasema.

Kanuni alikuja mbio na miwani yake. Akasema nimeziba njia. Nikamwambia afungue apite, mzee wangu, nani kamkataza. Alifungua wa kwanza, akafungua wa pili, akasimama. Alichungulia mbele. Kisha akarudi kinyumenyume, akaifunga yote miwili polepole, akaenda kwake bila kusema neno. Kanuni! Bila neno! Nimemmaliza.

Alhamisi, 7 Machi

Adhuhuri, mtaa umelala kwa joto, nikasikia hodi. Si getini. Kwenye mlango wa bluu.

Ilikuwa hodi ya mtu aliyefunzwa adabu. Anagonga, anatulia, anagonga tena. Nikatoka. Hakuna mtu. Barabara nyeupe, tupu, mpaka kwenye kona. Nikarudi ndani. Hodi! Nikatoka mbio. Hakuna! Mara ya tatu nilijificha nyuma ya tangi la maji, nikauona mlango wenyewe. Ubao ulikuwa unatikisika kwa kugongwa. Mbele yake hapakuwa na mkono.

Ni Kanuni, hakuna mwingine. Ana kamba ndefu au kitu cha namna hiyo. Wivu tu.

Mama mkwe ameuliza wageni wangu wana shida gani, mbona wengi hivyo. Huyu ni mtu ambaye nikimwita kwa sauti yangu yote kuja kula hasikii.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimemtega. Nilipepeta saruji kavu mbele ya mlango wa bluu, nyembamba kama poda ya mtoto. Nyayo za Kanuni nazijua, anakanyaga kwa nje. Nikakaa barazani na gazeti.

Hodi ilipoanza, nilichungulia kwa Kanuni. Yuko kibarazani kwake, miguu ndani ya beseni la maji, ananipungia mkono!

Nikapiga moyo konde, nikaenda kutazama saruji. Imejaa nyayo. Nyingine pekupeku, nyingine za viatu vyenye soli za zamani ambazo siku hizi huzioni. Kubwa, ndogo, moja ya mtu wa fimbo. Zote zimeelekea mlangoni. Zimefika, zikasimama, zikapangana ubavu kwa ubavu, nyuma yake nyingine, kama watu walio kwenye foleni na hawataki kusukumana. Hakuna hata unyayo mmoja uliogeuka kurudi.

Nimefikiri sana. Kanuni ana ndugu wengi.

Nimetia kufuli kila mlango. Tuone sasa!

Jumamosi, 9 Machi

Sijui niandikeje. Wino umenimwagikia.

Tulikuwa mezani mchana, wote. Chakula kizuri, mke ana raha, kochi jipya limewekwa pale milango ilipokuwa. Hodi ikabishwa. Mimi mdomo umejaa, akili iko kwenye mchuzi. Nikaitikia jinsi mtu yeyote angeitikia! Nikasema karibu. Mama mkwe, ambaye adabu yake haina mfano, akaongeza, karibuni, karibuni ndani, msisimame juani.

Kule kwenye mlango wa bluu kukawa kimya.

Halafu mlango wa sebule yetu ukafunguka wenyewe. Haukufunguka kwa upepo, ambao huusukuma ukagonga. Huu ulishikwa. Ulifunguka taratibu ukabaki wazi, kama mtu amesimama pale anaushikilia wenziwe wapite. Pazia likasogea upande. Hewa ikawa baridi, na harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Kochi jipya likajivuta likajibana ukutani. Na mlango wa jikoni, wa kutokea nyuma, nao ukafunguka.

Hatukuona kitu. Lakini Chiriku alikunja miguu yake juu ya kiti, akavuta sahani, akasema piteni tu. Kisha akanyamaza. Chiriku, akanyamaza!

Na mama mkwe akaanza kuitikia. Marahaba, akasema. Marahaba. Marahaba, mwanangu. Marahaba, pole na safari. Alikuwa anageuza kichwa kidogo kila mara, kumfuata aliyepita. Ghafla akajaribu kuinuka kwenye kiti, magoti yanamsumbua lakini akainuka, akainamisha kichwa, na yeye mwenyewe, mtu mzima kuliko wote mtaani, akatoa shikamoo. Sikusikia jibu. Yeye alilisikia. Alikaa chini akilia kimya kimya.

Chakula kilipoa kabisa kabla mlango haujafungwa. Mke wangu amenitazama. Nimemwambia ni hali ya hewa.

Jumatatu, 11 Machi

Wanapita kila siku sasa. Sebuleni, koridoni, jikoni, nje, bondeni. Tunalipanga kochi, wanalisogeza. Mke wangu ameacha kulipanga. Tumeanza kutembea tukiwa tumejibana ukutani ndani ya nyumba yetu wenyewe. Nimejikuta leo nikiiambia hewa samahani.

Na kama hiyo haitoshi, Kanuni amenishtaki! Mkaguzi wa ujenzi wa halmashauri amekuja, yule tunayemwita Bwana Futi kwa sababu haonekani bila futi yake ya chuma. Akapima milango. Akasema hii ni biashara katika eneo la makazi. Nikamwambia si biashara, ni mkusanyo. Akasema nimeziba njia ya haki ya watu. Nikamwambia haijazibwa, ina milango. Akatazama kufuli. Nikatazama viatu vyangu.

Akaingia ndani kupima korido. Ilikuwa adhuhuri. Nikaona amejibana ukutani ghafla, amevua kofia, ameishika kifuani. Alisimama hivyo muda mrefu mno, macho chini, mpaka mlango wa jikoni ulipofungwa. Kisha akavaa kofia akaendelea kupima, sauti yake ya kiofisi vile vile. Nikamuuliza ameona nini. Akasema kazi yake ni kupima.

Akanieleza sheria. Mwenye kiwanja akiziba njia ya haki, anatakiwa kutoa nyingine yenye upana ule ule. Akapima tena korido yangu, akasema naona umeshatoa. Loo! Ijumaa jioni ikipita milango ikiwa bado pale, ataandika korido yetu kuwa ndiyo njia. Basi haitafungwa tena, mlango wa mbele wala wa nyuma. Haitawekwa kochi, kiti wala kitanda cha mtoto. Yeyote atakayetaka kupita atapita, na mwenye nyumba hana usemi.

Nikamuuliza hata wale? Akasema sheria haisemi akina nani.

Jumanne, 12 Machi

Sikubali kushindwa. Ondoa milango? Thubutu! Iende wapi? Alhamisi tajiri mmoja mwenye hoteli anakuja kuchukua yote kwa mkupuo. Siku mbili tu!

Nimewaza hivi: kosa lilikuwa kukaribisha. Basi nisikaribishe. Hodi ilipobishwa nikaenda nyuma ya mlango wa sebule, nikasema kwa sauti kubwa kwamba hatupo nyumbani.

Hodi ikanyamaza. Nilicheza pale pale, jamani! Nilicheza!

Hawakuondoka. Walingoja. Mke wangu alitaka kutoka kwenda sokoni. Akafungua mlango, akatia mguu nje, akarudi. Akajaribu tena kwa bega. Akasema ni kama kupita katikati ya nguo mbichi zilizoanikwa, nyingi, baridi, na ndani yake kuna watu wanaomba radhi. Alirudi ndani kapu tupu. Mchana wote tukawa wafungwa. Nje kimya. Mara moja moja mtu anakohoa, kwa ustaarabu.

Kufikia alasiri mke wangu mwenyewe ndiye aliyesema karibuni. Alilisema neno hilo akinitazama mimi usoni.

Jumatano, 13 Machi

Leo naandika bila mzaha.

Mke wangu alikuwa jikoni. Wakawa wanapita. Chiriku akapita nao. Alikuwa anatembea katikati, hatua kwa hatua, mkono mmoja ameuinua juu, umeshikwa na mtu mrefu. Alikuwa ameshafika kwenye kizingiti cha nyuma. Mama yake alimdaka gauni. Anasema alivuta, na upande wa pili napo palivutwa, si kwa nguvu, kama anavyofanya mtu asiyejua kwamba unamhitaji mtoto wako. Kisha mkono ukaachiliwa.

Tulimuuliza alikuwa anaenda wapi. Akasema bondeni. Akasema yule mama aliyemshika mkono amemwambia ni hapo tu, si mbali, na kwamba wote hufika.

Nilidhani mke wangu atapiga kelele. Hakupiga. Alimpakata mtoto, akaniambia kwa sauti ya chini nikaondoe milango sasa hivi. Nilimwambia mteja anakuja kesho. Kesho tu, mama Chiriku, kisha yote kwisha, na kochi lako litatulia. Akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amenifahamia wapi. Akasema sawa. Ijumaa asubuhi yeye, mama yake na mtoto hawapo. Nikitaka nibaki na milango yangu na wageni wangu.

Naogopa. Naandika wazi: naogopa. Namwogopa yeye kwa kunyamaza, na naogopa ule mkono mdogo ulioinuliwa. Lakini mteja kweli anakuja kesho!

Alhamisi, 14 Machi

Mteja alikuja. Mtu mnene, anacheka ovyo, viatu vya kumeta. Alivisifia vitasa vyote. Tulikuwa karibu kukubaliana! Nikamkaribisha ndani tuandikiane, akavua viatu mlangoni, akaingia.

Adhuhuri ikamkuta koridoni.

Kicheko kilikatika. Akasimama mkono umenyooshwa mbele, anasalimiana, kisha anasalimiana tena, na tena, kila mkono anaushika, rangi inamtoka. Akaniuliza kwa mnong'ono mbona mikono yao ina udongo. Nikamwonyesha pa kutia sahihi. Alitoka kwa dirisha. Viatu viko bado mlangoni, na leo jioni nimevikuta vimegeuzwa, ncha zimeelekea bondeni.

Mke wangu anafunga mizigo. Nasikia zipu.

Ijumaa, 15 Machi

Limekwisha. Niandike haraka kabla sijaanza kujidanganya.

Asubuhi mizigo ilikuwa mlangoni. Nikamwendea mama mkwe, nikapiga magoti, nikamwomba alirudishe lile neno lake la karibu ili hawa watu waende zao. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mjinga wa familia. Akasema, mwanangu, neno hilo halirudishwi. Mgeni uliyemkaribisha humfukuzi. Unamsindikiza. Wafungulie njia yao, uwatoe kwa mkono wako mpaka mpakani, uwaage vizuri, urudi. Na usivuke.

Jambo dogo kiasi hicho! Wiki nzima naumiza kichwa, kumbe ni adabu tu.

Mke wangu akakubali kungoja mpaka adhuhuri. Nikatoa kufuli zote. Nikafungua milango yote, kuanzia wa bluu, nikaiegemeza wazi. Adhuhuri nikasimama sebuleni, nikasema: jamani, njia yenu iko wazi, twendeni niwasindikize. Pazia likasogea upande wa kurudi.

Nikatembea. Kijia kilijaa. Sikuona mtu, lakini nilisikia nguo zikigusana, na pumzi, na ile fimbo. Tulipita mlango mmoja, wa pili, wa tatu. Milango ya nyumba zilizobomolewa, ya vyumba vya watu, naipita yote na wao pembeni yangu. Mwingine aligusa mbao kwa kidole, nikasikia akivuta pumzi kama aliyeutambua mlango wake. Huyo sitamsahau.

Tukafika kwenye jiwe la mpaka. Mbele ni bonde, nyasi ndefu, kijani kile kile cha kwenye ramani, na jua kali lakini hakuna kivuli cha kitu chochote. Nikasimama. Nikasema kwaherini, poleni kwa usumbufu, wasalimieni huko. Wakaanza kunipita. Nyasi zikaanza kulala chini, mstari kwa mstari.

Katikati ya mistari ile nikaona gauni la njano.

Chiriku! Ameshavuka jiwe! Anatembea, mkono juu, hageuki! Nikataka kukimbia, nikakumbuka: usivuke. Nikalishika jiwe kwa mikono miwili. Nyuma yangu nikasikia mke wangu anakuja mbio kijiani akilia jina la mtoto, na nilijua yeye hatasimama kwenye jiwe lolote.

Sijui neno lilitoka wapi. Mimi ambaye sijawahi kufuata taratibu yoyote ya mtu yeyote! Nikapaza sauti: jamani, mtoto hajaaga! Hajamuaga mama yake! Mnaondokaje na mtoto hajaaga kwao?

Nyasi zikasimama. Bonde zima likasimama.

Kisha nikasikia, safari hii nilisikia kwa masikio yangu, sauti ya mwanamke, ya fedheha kabisa, ikisema: samahani, baba, hatukujua. Na mkono wa Chiriku ukashuka taratibu ukalala ubavuni mwake. Akageuka. Akaja akikanyaga nyasi, akavuka jiwe, akaniuliza kwa nini nalia mbele za watu. Mama yake akamkumbatia, akaanguka naye chini pale pale. Nilikaa kwenye udongo ule mgumu nikalia kama mtoto.

Hata Kanuni alikuwa amesimama kwenye ua lake, kofia mkononi. Hakusema lolote kuhusu rangi.

Jioni nimeng'oa kila fremu. Milango imelundikwa chini ya paa la jikoni, na kijia ni kitupu. Naapa mbele ya shajara hii: sitakigusa tena. Hata kwa ufagio.

Jumapili, 17 Machi

Amani! Mizigo imefunguliwa. Bwana Futi alipita jana, akapima kijia, akafuta maneno yake, korido ni yetu tena. Leo adhuhuri tulikaa kimya kusikiliza. Hodi hakuna. Nje, kijiani, vumbi dogo likatimka likielekea bondeni, basi. Mke wangu amelivuta kochi katikati ya sebule, akajinyoosha na Chiriku kifuani, na amenishika mkono. Amesema anajua nimejifunza. Nikamwambia sana, mke wangu. Sana!

Kimebaki kitu kimoja tu: milango bado iko chini ya paa la jikoni, na amenikumbusha kwamba mwezi umefika katikati.

Basi nilikuwa nimesimama getini, nawaza mambo yangu, nikaiona. Mbele! Kati ya ukuta wangu na lami kuna ardhi tupu, nzuri, tambarare. Halmashauri wanaiita hifadhi ya barabara. Si ya kwangu, si ya Kanuni. Hati yangu haiisemi hata kwa herufi moja! Sharti la yule bibi linakomea ukutani. Na kijia chao hakiguswi, nimeacha nafasi kwao kwa heshima zote. Ni kitu tofauti kabisa. Kabisa!

Nimeisimamisha yote mchana huu. Imependeza mno. Ilikuwa mingi, kwa hiyo kadhaa imeingia barabarani. Si sana. Imevuka tu kidogo mpaka upande wa pili. Nimeifunga makomeo ili isipigwe na upepo.

Ajabu moja. Barabara hii siku zote ina vurugu, malori, mabasi, pikipiki. Tangu nimalize, hakuna gari hata moja lililopita. Nilitembea mpaka kwenye kona kutazama. Nikayaona yanakuja kwa mbali, mengi, mfululizo, taa zimewashwa mchana. Yanafika karibu na mlango wangu wa mwisho. Halafu hayapo.

Sasa hivi nimesikia honi ya lori. Honi ndefu, ya lori zito lililobeba mzigo. Haikutoka barabarani. Imetoka ndani, kule sebuleni, kwenye kochi.

Mke wangu ananiita.

Naenda, naenda. Nimalizie kwanza bawaba hii moja, imelegea.